Kiasi na Risasi: Uwindaji wa Masafa Marefu Katika Nchi za Tarime na Serengeti

Neno risasi limebebeshwa mzigo mzito katika Kiswahili cha leo. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ile madini nyeusi na laini ambayo mafundi huyeyusha kwa kuunganishia vyuma. Kwa kuwa madini hiyo ndiyo iliyosubuliwa ikawa tembe za kutia katika bunduki, tembe yenyewe ikaitwa risasi. Baadaye, bunduki za kushindilia zilipokwisha kushindwa na zile zinazofunguliwa nyuma, kile chombo kizima, yaani ganda la shaba, fataki iliyo kitakoni, baruti iliyo ndani na tembe iliyo mbele, nacho pia kikaitwa risasi. Basi mtu akisema leo, "Nimeokota risasi," msikilizaji hana budi kuuliza ni kitu gani hasa alichookota.

Haikuwa hivyo siku zote. A. C. Madan, katika kamusi yake ya mwaka 1903, alizipanga bunduki za pwani kwa majina yaliyoonyesha jinsi moto unavyoifikia baruti: bunduki ya mrao iliyowashwa kwa utambi, bunduki ya gumegume iliyopigwa kwa jiwe, bunduki ya fataki, na bunduki ya viasi. Neno hili la mwisho ndilo linalotuhusu. Kiasi ni kipimo. Na bunduki ya viasi ni ile inayolishwa baruti iliyokwisha kupimwa na kufungwa pamoja na tembe yake, ili mpigaji asipate taabu ya kumimina na kushindilia mbele ya adui au mbele ya mnyama. Sidhani kwamba lugha nyingi zilipata jina zuri kuliko hili kwa kitu hicho. Linaeleza sifa yake kubwa, kwamba ni kipimo kisichobadilika: kiasi cha kwanza na cha hamsini hurusha tembe kwa mwendo ulio karibu sawa, na bila jambo hilo hakuna kulenga shabaha ya mbali. Kwa maana hiyo neno hili sasa halisikiki vinywani mwa watu. Katika makala haya nitalifufua kwa sababu ya kazi, nikimaanisha chombo kizima kwa kiasi, na tembe peke yake kwa risasi.

Kuchanganya maneno haya mawili kumetuchanganyia na historia. Mwindaji anayetaka kumpiga mnyama kwa mbali haulizi risasi tu. Anauliza kiasi: baruti ngapi, risasi ya uzito gani, yenda kwa mwendo gani, yashuka kadiri gani ikifika hatua mia tatu. Na nikitazama habari za nchi iliyo kati ya mpaka wa Kenya na mto Grumeti, ambayo leo ni wilaya za Tarime na Serengeti katika mkoa wa Mara, naona ya kwamba swali hili halikuulizwa na watu wote. Wageni walichagua viasi vyao. Askari walipewa. Wenyeji walikatazwa. Wengi walioandika habari za uwindaji wa huko wamehukumu tabia za watu bila kwanza kutazama tofauti hii.

Yafaa hapa nitaje jambo dogo la majina ya wanyama, maana vitabu vya Ulaya na Marekani juu ya uwindaji wa mbali huzungumza karibu vyote juu ya mnyama mmoja, yule mwenye pembe za matawi zinazoanguka kila mwaka na kuota tena. Mnyama huyo hayupo katika nchi zetu. Kwa asili yake, katika Afrika nzima hupatikana kaskazini kabisa tu. Wafasiri wa Biblia walipomkuta katika Zaburi walichukua neno la Kiarabu, wakamwita ayala, nao walifanya vema kuliko wale wa kamusi wanaomtaja kulungu au paa kana kwamba ni mamoja. Mahali pa ayala, katika mbuga za Mara, wako swala tomi asiyezidi sana kilo ishirini, swala pala wa kilo hamsini au zaidi kidogo, nyamera na kongoni, nyumbu anayepita kilo mia mbili, na pofu ambaye dume lake laweza kukaribia kilo mia tisa. Kiasi kimoja hakiwezi kuwafaa wote hawa sawasawa.

Nchi yenyewe ina sura mbili. Tarime ni nchi ya juu, yenye baridi, vilima na mashamba, ambamo macho hayaendi mbali kabla ya kukutana na kilima kingine. Ukishuka kusini, ukavuka mto Mara, ukaenda Mugumu na Ikoma, miti hupungua na mbuga hufunguka. Wakuria, Wangoreme, Waikoma, Wanatta na jirani zao waliwinda huko kwa upinde na mshale wa sumu, kwa mashimo yaliyochimbwa penye njia za nyumbu, na kwa mitego. Njia zote hizo ni za karibu. Mpiga mshale hutaka kumfikia mnyama kwa hatua chache, upepo ukimjia usoni. Ustadi wake ni wa miguu na wa kuijua nyasi, na sumu ndiyo imalizayo kazi. Mtu wa namna hiyo akipewa bunduki ataitumia kwanza kwa desturi ileile ya kunyatia, na hivyo ndivyo gobore lilivyotumiwa.

Lakini kwa nini gobore? Hapa ndipo sheria inapoingia, nayo ilitoka mbali sana. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na ndani yake mkawa na vifungu juu ya silaha. Kati ya nyuzi 20 kaskazini ya ikweta na nyuzi 22 kusini yake, bunduki zenye mtutu uliochorwa mifuo ndani, pamoja na viasi vyake, zilikatazwa kuuzwa kwa wenyeji. Kilichoruhusiwa ni bunduki ya gumegume isiyo na mifuo na baruti ya kawaida ya biashara. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema, maana bunduki zilikuwa zikiteka watu. Tokeo lake jingine halikutangazwa: mwaka uleule ambao Ulaya ilikuwa imekwisha kuingia katika zama za baruti isiyotoa moshi, Mwafrika aliwekewa mpaka katika ufundi wa miaka mia iliyopita. Serikali zilizofuata, ya Wajerumani kisha ya Waingereza, zilibadili maneno ya sheria lakini kwa watu wengi hazikubadili kanuni. Katika Tanganyika ya Waingereza mwananchi wa kawaida akipata kibali alikipata kwa gobore lililoandikishwa.

Sasa gobore, kwa kuwa halina viasi, halina kipimo kisichobadilika. Mpigaji humimina baruti kwa mkono, na mkono huzidi au hupungua. Risasi yake ni ya mviringo, wakati mwingine kipande cha chuma kilichokatwa nondo, na hupita katika mtutu mpana pasipo kuzungushwa. Ikipita hatua sitini au sabini haijulikani itakwenda wapi. Mwenye gobore akimpiga nyumbu kwa mbali, mara nyingi humjeruhi tu. Nyumbu huenda kufa porini. Mabwana wanyama wa zamani walipokuta mizoga kama hiyo waliandika juu ya ukatili na uzembe wa wenyeji. Mizoga ilikuwapo, hilo sikatai. Lakini sikumbuki kusoma ripoti iliyouliza kwamba mtu yule angekuwa na kiasi halali cha kumwangusha mnyama palepale, angemwacha akiteseka?

Wajerumani walijenga ngome Ikoma, mahali ambapo magofu yake yangali yanaonekana. Askari wao wa Kiafrika kwa muda mrefu walibeba Mauser ya mwaka 1871, yenye mtutu wa milimita 11. Kiasi chake kilikuwa na baruti nyeusi na risasi ya gramu 25, iliyotoka kwa mwendo wa mita 430 au zaidi kidogo kwa sekunde. Ni risasi nzito, na mnyama aliyepigwa nayo karibu hakwenda mbali. Lakini tuipime kwa masafa. Bunduki hiyo ikirekebishwa ipige sawa penye mita 200, basi penye mita 300 risasi imekwisha kushuka zaidi ya mita moja chini ya shabaha. Mpigaji aliyekosea mita thelathini katika kukadiria umbali ama alipiga vumbi ama alipita juu ya mgongo. Na moshi! Wingu jeupe lilisimama mbele yake likamficha mnyama na kumwonyesha yeye. Hata vita vya 1914 vilipoanza, makampuni mengi ya askari hao yalikuwa bado na bunduki hiyo. Silaha mpya zilifika kwa meli iliyopenya katika ghuba ya Manza karibu na Tanga, Aprili 1915; meli ikapigwa na manowari ya Waingereza, na viasi vilivyolowa maji ya chumvi vikafunguliwa na kukaushwa kwa mkono. Mwaka 1917 kikosi cha Naumann, kilichojitenga na jeshi kubwa la Wajerumani, kilifika mpaka Ikoma kikifukuzwa.

Miaka minne kabla ya hapo, nchi hiyohiyo ilipitwa na mtu wa namna nyingine. Stewart Edward White, mwandishi wa Marekani, aliondoka Nairobi mwaka 1913 pamoja na mwindaji R. J. Cuninghame, wakavuka mpaka wa Wajerumani kwa miguu wakiwa na wapagazi, wakaingia sehemu za kaskazini za Serengeti. Kitabu chake cha 1915 kiliiita nchi hiyo nchi iliyogunduliwa upya, jina ambalo Waikoma wangelicheka. Lakini katika jambo letu White ni shahidi mzuri, kwa sababu alikuwa mtu aliyechagua. Katika safari zake za Afrika alichukua Springfield ya kiasi cha .30-06, Winchester ya .405, na bunduki nzito ya Kiingereza yenye mitutu miwili. Theodore Roosevelt, aliyewinda Sotik upande wa pili wa mpaka mwaka 1909, alikuwa na mpango unaofanana na huo: Springfield, .405, na bunduki nzito ya mitutu miwili kwa tembo na kifaru.

Mpango huo wa ngazi tatu unastahili kuelezwa, maana ndani yake mna fikra yote ya kuchagua kiasi. Tarakimu .30 ni upana wa tundu la mtutu kwa sehemu za inchi, karibu milimita 7.6, 06 ni mwaka 1906 ambao jeshi la Marekani lilikipokea. Kwa namna kinavyotengenezwa siku hizi, kikiwa na risasi ya gramu 11.7, hutoka kwa mwendo wa mita 820 hivi kwa sekunde, karibu mara mbili ya ile Mauser ya zamani. Bunduki ikirekebishwa kwa mita 200, risasi yenye ncha hushuka sentimita 25 hivi penye mita 300, na sentimita 75 hivi penye mita 400. Kifua cha swala pala, pale palipo moyo na mapafu, hakizidi upana wa sahani ndogo. Kwa hiyo mpaka mita 200 mwindaji hulenga katikati wala hafikirii. Penye 300 hana budi kuinua shabaha. Penye 400 hesabu yake ikikosa kidogo, humvunja mnyama mguu. .405 ilirusha risasi ya gramu 19.4 lakini kwa mwendo wa mita 670 tu, tena ya kichwa butu. Ilifaa simba aliye karibu, haikufaa swala aliye mbali. Ndiyo maana White hakuridhika na moja.

Kuna jambo ambalo jedwali za viwanda hazilisemi, na mbuga hulifundisha haraka. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma ubavuni huisukuma risasi hiyo karibu sentimita 20 penye mita 300, na upepo wa Serengeti haujui kutulia adhuhuri. Jua likipanda, mazigazi huinuka juu ya nyasi fupi. Miguu ya mnyama hupotea, mwili huelea, na umbali hauwezi kukadiriwa kwa macho. Katika nchi isiyo na mti wala nyumba ya kulinganisha, mgeni aliyezoea misitu humwona swala aliye mita 350 kama yuko 200. Nionavyo, hiyo ndiyo iliyokuwa sababu kubwa ya kujeruhi wanyama katika safari za wageni, wala si udogo wa viasi vyao.

Ushahidi wa jambo hili tunaupata kwa W. D. M. Bell, aliyewinda tembo Karamoja katika Uganda tangu mwaka 1902. Aliua tembo zaidi ya elfu moja katika maisha yake, na wengi wao kwa kiasi kidogo cha Mauser cha milimita 7, chenye risasi ngumu ya gramu 11. Wengi wamemtaja ili kuonyesha ya kwamba kiasi kidogo chatosha kwa kila kitu. Husahau kwamba Bell alimsogelea tembo karibu sana, na kwamba aliyachunguza mafuvu ya tembo mpaka akajua njia ya kufika ubongo kutoka kila upande. Uwindaji wake ulikuwa wa karibu kama wa mpiga mshale wa Ikoma. Wenye sheria hawakumfuata. Kiasi cha .375 cha Holland & Holland, kilichotoka mwaka 1912 kikiwa na risasi ya gramu 19.4 na mwendo wa mita 770, ndicho kilichokuja kuwa kipimo cha chini kwa wanyama wakali, na hata leo katika Tanzania mwindaji wa tembo, simba au nyati haruhusiwi kutumia kilicho chini yake.

Motokaa ilipoingia mbugani katika miaka ya 1920, masafa yalipoteza maana. Wageni wenye viasi bora kabisa duniani waliwapiga simba wakiwa wameketi garini, kwa umbali ambao gobore lingetosha. Denys Finch Hatton, mwenyewe mwindaji, aliandika katika gazeti la The Times la London kuyalaumu mauaji hayo, na mwaka 1929 sehemu ya Serengeti ilifanywa hifadhi kamili ya wanyama. Hifadhi ya taifa ilitangazwa 1951, na mwaka 1959 mipaka yake ikabadilishwa: Ngorongoro ikatolewa, na kaskazini ikaongezwa kuelekea mpaka wa Kenya.

Nimefika sasa kwa Wakuria, nao ndio kiini cha neno langu. Watu wa Tarime waliingia Keya kwa wingi, na katika vita vya pili vya dunia walipelekwa mbali. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma mwaka 1944. Silaha ya askari ilikuwa bunduki ya .303, na kiasi chake cha namna ya saba kilirusha risasi yenye ncha, ya gramu 11.3, kwa mwendo wa mita 740 hivi. Si sawa na .30-06, lakini ni jirani yake. Mwindaji wa Kizungu wa Nairobi aliyekuwa na.303 alihesabiwa kuwa na bunduki nzuri ya kuulia swala. Askari yule alifundishwa kukadiria masafa, kupandisha kioni cha nyuma, kuvuta pumzi na kuizuia, kuutazama upepo katika majani. Alijua kwa vitendo kila nililolieleza hapo juu. Kisha vita vikaisha, akarudisha bunduki, akapanda gari la moshi na motokaa mpaka nyumbani, na kule nyumbani sheria ikamwona kuwa ni mtu wa gobore.

Yaani serikali ileile ilimwamini kwa kiasi cha kuulia watu, ikamnyima kiasi cha kuulia nyumbu. Siwezi kusema ni wangapi waliochukizwa na jambo hilo. Lakini tusistaajabu kwamba katika miaka ya 1950, hifadhi ilipoanza kuwafukuza wawindaji wa kaskazini na magharibi, silaha zilizokamatwa zilikuwa hasa pinde, mishale ya sumu, na mitego ya waya. Mtego wa waya ni kitu kibaya. Hauchagui dume wala jike, wala mwenye mimba. Hata hivyo katika kila cheo cha zana zilizokuwako, huo ndio uliobaki mikononi mwa mtu aliyefundishwa kupiga shabaha ya mita mia tatu.

Nashuku pia ya kwamba ni katika kambi hizo ndimo neno kiasi lilimokufa. Jeshi lilitaka neno moja fupi kwa amri, nalo likachukua risasi. Askari wakalirudisha vijijini. Siwezi kulithibitisha jambo hili, ila wakati wa kupotea kwa neno wapatana.

Habari zilizofuata nitazipitia upesi, kwa kuwa ni za bunduki nyingine na nia nyingine. Tanzania ilisimamisha uwindaji mwaka 1973 ikaufungua tena 1978. Kenya iliufunga 1977 na haijaufungua. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979 viliingiza nchini bunduki za kijeshi za kiasi cha 7.62 kwa 39, na nyingine zilifika Tarime, zikatumiwa katika wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mikuki na mishale. Michael Fleisher ameeleza vizuri badiliko hilo katika kitabu chake cha 2000. Kwa uwindaji kiasi hicho ni dhaifu: risasi ya gramu 8, mwendo wa mita 715, nacho penye mita 300 hushuka vibaya. Kilichokosekana katika nguvu kililipwa kwa wingi wa risasi. Faru wa Serengeti karibu waishe, na nyati wa kaskazini wakapungua sana, mpaka Operesheni Uhai ya mwaka 1989.

Kwa mchunguzi anayetaka kuzipanga zama hizi, karatasi si shahidi pekee. Maganda yamelala ardhini, na ganda husema wazi kuliko neno risasi. La Mauser ya askari wa Kijerumani ni nene, limebanwa shingoni, na lina ukingo uliotokeza kitakoni. La .303 nalo lina ukingo, lakini ni jembamba zaidi. La .30-06 halina ukingo uliotokeza bali mfuo uliochongwa kuzunguka kitako, na ni refu, milimita 63. La 7.62 ni fupi, la milimita 39 tu, limechongoka kuelekea mdomoni, na mara nyingi ni la chuma kilichopakwa rangi, wala si shaba. Wanaotembea katika vilima vya kaskazini ya mto Mara na katika nyasi za Ikoma wangefanya jambo la faida wakiandika waliokota ganda gani, na wapi. Palipo na gobore hawataokota kitu.